Kitindamlo na Sinia la Tabora: Uhakiki wa Istilahi za Vyakula Vitamu vya Sherehe

Miongoni mwa maneno yaliyoundwa ili kuziba mapengo ya msamiati wa mapishi na huduma za hoteli, neno kitindamlo limepata bahati kubwa. Limeingia katika kamusi, limechapwa katika orodha za vyakula za hoteli, na walimu wa mapishi wamelizoea. Siku hizi tunakutana nalo pia katika tafsiri za vitabu vya upishi na katika maandishi yanayohusu vyakula vya Idi, Krismasi na harusi, ambamo halua, kashata, visheti na kaimati huwekwa zote chini ya kichwa kimoja: vitindamlo.

Katika makala haya tunakusudia kulihakiki neno hilo, pamoja na wenzake wachache, kwa kulipima na vyakula vitamu ambavyo huandaliwa nyumbani kwa ajili ya sherehe. Kipimo chetu hatukukichukua mwambao, ambako kamusi zetu zimezoea kuchota. Tumekichukua Tabora, na katika njia ya zamani ya misafara ipitayo Tura. Sababu ya kufanya hivyo itadhihirika tutakapoendelea.

Uundaji wa neno

Haki itendeke kwanza. Kwa upande wa uundaji, kitindamlo ni neno safi. Kitenzi tinda kina maana ya kukata, na kwa hiyo kukomesha. Lugha yetu ilikuwa tayari na neno kitindamimba, yaani mtoto wa mwisho aliyekata uzazi wa mama yake. Aliyelibuni neno kitindamlo alifuata njia hiyo hiyo, akaunganisha kitenzi na jina mlo, akapata neno ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulifahamu mara ya kwanza alisikiapo. Laiti istilahi zetu zote zingekuwa na sifa hiyo.

Aidha, neno hili lina mahali pake pa halali. Katika hoteli ambayo chakula huletwa kwa zamu, supu kwanza, nyama na wali baadaye, kisha matunda au keki, kile kinacholetwa mwisho ni kitindamlo. Mhudumu anayejifunza kazi hiyo anahitaji neno lake, na hatuna la kulaumu hapo.

Walakini kasoro huanza neno linapotolewa hotelini na kupelekwa nyumbani. Kitindamlo hakitaji chakula; hutaja zamu. Hakituambii kama kitu ni kitamu au kichachu, kama kimekaangwa au kimeokwa. Hutuambia jambo moja tu, kwamba kimekuja baada ya mlo na kuukata. Basi ikiwa katika sherehe zetu vyakula vitamu haviji mwisho, kuviita vitindamlo ni kusema lisilo kweli, hata kama neno lenyewe limeundwa vizuri.

Mahali pa kitamu katika sherehe

Tuzitazame sherehe zenyewe. Katika harusi za Kiislamu za mwambao, na za miji ya bara iliyokuzwa na misafara kama Tabora na Ujiji, ndoa ikishafungwa wageni huletewa halua na kahawa. Pilau bado iko jikoni. Halua hapa haikati mlo wowote. Yenyewe ndiyo inayofungua karamu. Tena mpangilio wake una maana: utamu hutangulia, uchungu wa kahawa hufuata, na kila kimoja humfanya mlaji akionje kingine vizuri zaidi.

Kashata nayo ina mwenzake wa siku zote, ambaye ni kahawa chungu ya barazani. Muuza kahawa hubeba dele kwa mkono mmoja, na kashata zake hazimwachi. Hakuna mlo uliotangulia wala unaofuata. Anayeagiza kikombe saa kumi alasiri hali kitindamlo. Anakunywa kahawa kwa kashata. Siku ya Idi, watu watokapo kuswali, wageni na watoto wapitao nyumba hata nyumba hukaribishwa visheti, kaimati na maandazi kabla ya chakula cha mchana. Nyumba nyingi za Wakristo hufanya vivyo hivyo asubuhi ya Krismasi, kwa chai na maandazi.

Kwa ufupi, katika sherehe hizi kitamu ni cha kukaribishia. Kutafsiri kwa neno linalomaanisha kukata ni kugeuza makaribisho kuwa maagano.

Ushahidi wa njia ya misafara

Huenda msomaji akadhani kwamba mpangilio huu ni desturi ya juzi. Ushahidi wa maandishi unaonyesha kuwa ni wa zamani, na tena kwamba uliwahi kusafiri mbali na bahari.

Tura ni kijiji cha mashariki mwa Tabora, katika Wilaya ya Uyui ya leo. Msafara uliotoka pwani ulivuka Ugogo, ukaingia nyika kavu iliyojulikana kwa jina la Mgunda Mkali, na ulipotoka huko makazi ya kwanza ya Unyamwezi kuyafikia yalikuwa Tura. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857 wakielekea Kaze, na Burton aliandika kuwa jina hilo lina maana ya kutua mzigo. Maelezo hayo yanaafikiana na Kinyamwezi, ambacho kitenzi tula ni kuweka chini. Hapo ndipo wapagazi walipopumzika na kununua chakula baada ya taabu ya nyika. Baadaye reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilifuata upande huo huo.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita Tura mwaka 1871, akaingia Unyanyembe mwezi Juni mwaka huo. Alipokwisha kupewa nyumba yake Kwihara, wenyeji wake Waarabu walimletea vyakula kwenye masinia. Orodha aliyoiacha katika kitabu chake inastahili kusomwa kwa jicho la istilahi. Palikuwa na wali mwingi, bakuli la mchuzi wa kuku, mikate mikubwa ya ngano ipatayo dazeni, sahani ya vitu vya unga vilivyokaangwa ambavyo vilikuwa bado vya moto, mapapai, makomamanga na malimau. Nyuma yake walifuata ng'ombe, kondoo, mbuzi na kuku. Vyote hivyo vilikuja kwa pamoja, kwa mgeni aliyekuwa ndiyo kwanza ametua mzigo. Hakikuwapo cha kwanza wala cha kukatia. Sinia ni mlo usio na zamu.

Jaribio la tafsiri

Tuwaombe wafasiri walifanye jaribio dogo juu ya sinia hilo. Neno alilolitumia Stanley kwa vile vitu vya moto ni la Kiingereza cha Marekani, lenye asili ya Kiholanzi. Hutaja unga uliokandwa, ukasokotwa, ukakaangwa katika mafuta. Je, Kiswahili chake ni kipi?

Mfasiri mvivu ataandika keki, na kosa lake litakuwa mara mbili, kwa kuwa keki huokwa, na kwa kuwa msomaji ataona picha ya chakula kisichokuwapo Kwihara mwaka 1871. Mwingine ataandika vitumbua. Hilo nalo halifai, maana kitumbua hupikwa kwa mchele uliorowekwa na kusagwa, ukawa uji mzito wa kumimina katika chuma chenye vishimo. Haukandwi wala hausokotwi. Kaimati ni matonge ya mviringo. Visheti vinakaribia sana, kwa sababu unga wake hukandwa, hukatwa, hukunjwa na kukaangwa. Lakini kisheti hakijawa kisheti mpaka kiingie katika shira, na mwandishi hakutaja shira. Neno lililo salama ni maandazi.

Wapo watakaosema kuwa andazi ni neno la jumla mno. Ujumla wake ndio nguvu yake. Andazi limetokana na kitenzi andaa, yaani kutayarisha, hasa kutayarisha chakula. Kamusi za zamani zina pia neno mwandazi, ambaye ni mpishi, na hasa mpishi wa vitu vya unga na vitu vitamu. Wafasiri wa leo hutafuta kwa taabu jina la fundi huyo, wakaishia kuandika mtengenezaji wa keki na peremende, kumbe jina lake limo ndani ya kamusi, limelala. Kabla ya kuunda neno jipya, tuwe na desturi ya kuliamsha la zamani.

Kashata isiyo na nazi

Sasa tuigeukie kasoro ya pili, ambayo ni ya fasili. Mtu wa mwambao akitakiwa aeleze kashata ni nini, ataanza na nazi, maana mnazi uko uani kwake. Mwandazi wa Tura hana mnazi. Ana karanga. Hukaanga karanga zake, akazipura maganda, akazitwanga bila ya kuzifanya unga, akazimimina katika sukari iliyoyeyushwa ikakolea, akatandaza juu ya sinia lililopakwa mafuta, kisha akakata vipande kabla havijapoa. Hicho anachokifanya ni kashata, na hakuna msemaji wa Kiswahili atakayemkatalia.

Fasili inayoanza na nazi huifanya kashata ya bara iwe kashata ya bandia. Fasili inayofaa ni ile inayofuata kazi: sukari iliyopikwa hadi kukolea, ikachanganywa na karanga, nazi au kitu kingine cha namna hiyo, ikagandishwa na kukatwa vipande. Kiambato kitajwe baadaye kama sifa: kashata ya nazi, kashata ya karanga, kashata ya ufuta.

Jambo hili si la kupendezesha kamusi tu. Wako watu ambao karanga huwadhuru, na baadhi yao hudhurika vibaya. Lebo iliyoandikwa kashata peke yake, mbele ya mnunuzi aliyefundishwa na kamusi kwamba kashata ni nazi, inaweza kumletea maradhi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na watumishi wa umma wanaofasiri kanuni na fomu zake hawana budi kuwa na istilahi zinazotaja kiambato waziwazi.

Asali ni ipi?

Neno asali lina historia inayofanana na hiyo. Kwa asili ni neno la Kiarabu, na katika Kiswahili cha mwambao limetumika kwa vitu viwili: asali ya nyuki na asali ya miwa. Kwa hiyo mtu wa pwani aliona haja ya kuongeza nyuki ili aeleweke. Tabora mambo ni mengine. Misitu yake ya miombo imeifanya kuwa mojawapo ya sehemu za nchi zinazosifika sana kwa asali na nta, na mji wa Tabora una chuo cha kufundishia ufugaji nyuki. Mnyamwezi, ambaye kwa lugha yake huita buki, akisema asali amesema kazi ya nyuki, basi.

Iwapo fasili itaendelea kuvikumbatia vitu vyote viwili bila kubagua, mfanyabiashara asiye mwaminifu anaweza kuchemsha sukari, akaijaza katika chupa, akaandika asali, na akiulizwa akajitetea kwa kamusi. Atakayepata hasara ni mfugaji nyuki, aliyepandisha mizinga mtini na kungoja msimu. Tunaona inafaa asali, likiwa peke yake, libaki kwa kazi ya nyuki tu. Maji ya sukari yaliyopikwa yakawa mazito yana jina lake tangu zamani, nalo ni shira. Yale ya miwa yaitwe asali ya miwa kwa ukamilifu wake, na yakigandishwa ni sukari guru.

Michembe na matobolwa

Hatuwezi kuondoka Tabora bila ya kutaja kitamu ambacho hakikupanda na msafara, kwa sababu kilikuwapo. Si chakula cha sinia la harusi. Ni kitamu cha nyumbani, cha watoto na cha mgeni wa ghafula. Wanyamwezi na Wasukuma hukausha viazi vitamu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuvikata vikiwa vibichi na kuvianika. Hivyo huitwa michembe. Ya pili ni kuvichemsha kwanza, kisha kuvikata na kuvianika. Hivyo huitwa matobolwa.

Maandishi mengi ya kitaalamu huita vyote viwili viazi vitamu vilivyokaushwa. Istilahi hiyo ni ndefu, na juu ya urefu wake imeshindwa kazi yake ya kwanza, ambayo ni kutofautisha. Matobolwa yamekwisha kuiva, na mtu huweza kuyatafuna kama yalivyo. Michembe ni mibichi, na haina budi kurudi chunguni. Mgeni aliyeuziwa mfuko wenye maandishi viazi vilivyokaushwa atajuaje kama atafune au apike?

Utaratibu uliozoeleka katika uundaji wa istilahi zetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuvuke kwenda kwingineko. Tukiufuata utaratibu huo kwa dhati, michembe na matobolwa yana haki ya kuingia katika kamusi bila ya kuombewa. Ni maneno ya Kibantu, yanatamkika, na kila moja hutaja kazi yake.

Vitenzi vya jikoni

Neno la mwisho tunawaelekezea walimu na wafasiri wa vitabu vya mapishi. Majina yamepata watetezi, vitenzi vimesahauliwa. Tunasoma maagizo kama vile acha unga uvimbe, au acha unga ukue. Kinachovimba ni jipu, na kinachokua ni mtoto. Unga uliotiwa hamira huumuka. Tunasoma chemsha maji ya sukari mpaka yawe mazito, ilhali mwandazi husema pika shira mpaka ikolee, naye hujua kuwa imekolea anapoidondosha kati ya vidole viwili akaona inavuta uzi. Tunasoma weka ndani ya shira, ilhali kaimati huchovywa.

Mwanafunzi anayetoka katika nyumba ambamo unga huumuka na shira hukolea, akaandika hivyo katika mtihani, asije akakatwa alama kwa kuwa kitabu kimesema uvimbe na uwe mzito. Ikitokea hivyo, shule itakuwa imemfundisha kwamba Kiswahili cha mama yake si Kiswahili.

Hoja ya upande wa pili

Tunajua hoja itakayoletwa dhidi yetu. Itasemwa kwamba usanifishaji maana yake ni kuwa na neno moja kwa dhana moja, na kwamba tukifungua mlango kwa Tura, kesho tutaufungua kwa kila kijiji, mpaka kamusi ishindwe kubebeka. Hoja hii ina uzito, na tunaikubali sehemu yake. Hatupendekezi kwamba kila jina la kila mahali liingizwe. Vijiji viwili vikiita kashata ile ile kwa majina mawili, moja latosha.

Lakini kanuni ya neno moja kwa dhana moja ina upande wa pili ambao husahauliwa: dhana mbili zisipewe neno moja. Michembe na matobolwa ni dhana mbili. Chakula cha kukaribishia na chakula cha kukatia mlo ni dhana mbili. Asali na shira ni dhana mbili. Anayevitupa vyote katika kapu moja kwa jina la usanifu hausaidii usanifu, maana msomaji wake atalazimika kuuliza kila mara: unakusudia kipi?

Mapendekezo

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Neno kitindamlo libaki, lakini litumike kwa zamu ya mwisho ya mlo unaoandaliwa kwa zamu, kama katika hoteli. Lisitumike kuwa jina la jumla la vyakula vitamu.

(b) Pale jina la jumla linapohitajika, vyakula vitamu au vitafunio vya sherehe yatosha. Peremende na pipi yabaki kwa vidonge vitamu vya dukani.

(c) Vyakula hivi vifasiliwe kwa kufuata kazi ya kuvitengeneza: vya kukaanga, kama maandazi, vitumbua, kaimati na visheti, vya kukoroga motoni, kama halua, vya kugandisha, kama kashata, vya kuoka, kama mkate wa sinia, na vya kuanika, kama matobolwa. Viambato vitajwe baada ya hapo.

(d) Neno mwandazi lirudishwe katika matumizi kwa fundi wa vyakula hivi, na wanaoandaa mafunzo ya wajasiriamali wadogo walipendelee kuliko maelezo marefu.

(e) Asali, likiwa peke yake, liwe ni la nyuki. Na shira litumike kwa maji ya sukari yaliyopikwa.

(f) Michembe na matobolwa yaingizwe katika kamusi na katika orodha za istilahi za kilimo na lishe, kila moja kwa fasili yake.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha nyingi wala semina ndefu. Yanahitaji mfasiri aulize, kabla ya kuandika neno, kitu hiki hutengenezwaje, na huletwa lini mbele ya mgeni. Wanaojua jibu wapo Tabora, Ujiji, Unguja na kwingineko, na wengi wao ni wanawake ambao hawajapata kuulizwa na mtunga kamusi yeyote. Tuwaulize wakiwa bado wanapika, kwa kuwa neno la mapishi hudumu maadamu chungu chake kiko motoni.